Siku Niliyofasiri Kiswahili kwa Kiswahili

Ninyi vijana mnaopita kwangu baada ya sala ya Ijumaa, naona macho yenu huanza kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, ndipo yanifikie mimi. Hamkukosea. Kitazameni vizuri. Kimeandikwa Kidachi, kina muhuri wa tai, na katikati limo jina langu, mtoto wa msuka makuti wa Kilindoni. Skuli ya Serikali kule Tanga tuliingia wengi, lakini wa kutoka Mafia nilikuwa peke yangu, na siku ya kutolewa vyeti mwalimu mkuu alinipa mkono mimi kabla ya wote. Sijisifu. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na walioshuhudia wamekwisha kufa. Nisiposema mimi, nani atasema?

Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Nilikaa katikati ya watu na Serikali, ya Mdachi kwanza na ya Mwingereza baadaye, mpaka meno yaliponitoka na maneno yakaanza kuvuja. Wawili wenu nasikia mmechukuliwa mahakamani kuifanya kazi hiyohiyo. Basi sikilizeni, maana haya hayamo katika vitabu mlivyopewa.

Usimtazame shahidi usoni. Uso umekwisha kujifunza kudanganya tangu utotoni. Tazama vidole vya miguu: mtu akiogopa vinakunjika, akisema kweli vinalala. Usianze kufasiri mtu hajavuta pumzi, utamkatia neno lililokuwa njiani. Na mtu akitukana, tukana. Tusi likipungua njiani, aliyelipunguza ni wewe, na wewe hukuajiriwa kuwa mpatanishi. Mimi nimewahi kumwambia Bwana mkubwa usoni pake kwamba yeye ni kima asiye na mkia, kwa Kidachi kisicho na dosari, kwa kuwa mzee mmoja wa Ras Mkumbi ndivyo alivyosema. Mzee aliwekwa ndani. Mimi nilisifiwa.

Viatu navyo. Niliporudi kutoka Tanga nilivaa viatu vya ngozi, vya kwanza kuonekana kwetu miguuni mwa mtu asiyekuwa Mzungu. Vililia kama bata. Shauri langu la kwanza lilikuwa la ng'ombe aliyekula mihogo, na kila nikisogea, shahidi ananyamaza kutazama miguu yangu. Mlinzi wa gereza, Ombasha Faraji, mzee wa Kisudani aliyekuja na jeshi akaishia kuoa Mafia, akanivuta kando.

"Karani," akasema, "hili shauri la ng'ombe au la viatu?"

Nikavivua. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu sikuingia shaurini ila kwa makubadhi, hata mbele ya jaji. Ombasha yule hakujua kusoma hata jina lake, lakini alinifundisha kukaa kimya ndani ya chumba, nami nilimfundisha mwanawe kuandika. Tulilipana.

Sasa mnalolitaka ninyi ni lile la Shomari. Kila mgeni akinywa kahawa kwangu hulifikia hilo.

Nilikuta Shomari amekwisha kuhukumiwa kunyongwa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilikuwapo. Shauri lilisikilizwa siku chache kabla meli iliyonileta haijatia nanga. Shomari alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa Miburani, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Msimamizi wa shamba alilokuwa akikwea, jina lake Nasoro, aliokotwa alfajiri chini ya minazi, kichwa kimevunjika. Jana yake Nasoro na Shomari walikuwa wamegombana mbele ya watu kwa habari ya nazi zilizopungua. Na alfajiri hiyohiyo Shomari alionekana akirudi kwake, shuka lina damu, kisha akatoka tena na jembe begani. Aliyemwona ni mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akitawadha nje kwa sala. Akaitwa, akaapa kwa Msahafu, akasema alichokiona.

Hakimu wetu wakati ule alikuwa Mdachi tuliyemwita Bwana Shauri. Ndiye hakimu, ndiye mtoza kodi, ndiye mpima barabara. Kiswahili alikijua, lakini kilikuwa cha kuamrisha. Cha kusikiliza alikuwa hajakifikia, ndiyo maana nikaajiriwa. Liwali, ambaye kwa kawaida hukaa ubavuni pake akamweleza desturi zetu, alikuwa Unguja kwa matibabu. Basi Bwana Shauri alimgeukia Shomari akamwuliza, "Una neno?" Shomari akainamisha kichwa, akajifunika nguo. Akaulizwa tena, kama aliyoyasema shahidi ni kweli. Kimya. Ikaandikwa kwamba mshtakiwa hakukana, akahukumiwa kifo.

Kisiwa kizima kiligawanyika. Nilikwenda kunywa kahawa kwa Athumani, nikakuta wazee karibu washikane kanzu.

"Mtu kaulizwa ana neno, kanyamaza," Athumani alisema huku akimimina. "Anayenyamaza kakubali."

"Hiyo ni sheria ya mwari, ami," mmoja akamjibu. "Mwari akiulizwa anamtaka bwana fulani akanyamaza, basi kakubali, aozwe. Shomari ana ndevu."

"Ana ndevu na ulimi hana? Au kaa kaula?"

"Shauri limesikilizwa ndani, milango imefungwa, Liwali hayupo. Hilo ni shauri au ni mazishi?"

"Mbona lile la mihogo hamkusema Liwali hayupo?"

"Mihogo hainyongwi, bwana."

Watu wakacheka. Pembeni alikuwa amekaa Salum, ndugu wa marehemu Nasoro. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Mnabishana kama Shomari alipewa nafasi ya kusema," alisema. "Ndugu yangu alipewa?"

Mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma, nikawaeleza kwamba hukumu ya kifo haikamiliki mpaka Gavana huko Dar es Salaam aitie mkono, na kwamba karatasi zilikwenda na meli ileile iliyonileta.

"Kwa hiyo bado tunambishania mtu hai," Athumani alisema.

"Yu hai mpaka meli irudi," nikamwambia.

Kesho yake nilikuwa nimesimama na Ombasha Faraji mbele ya gereza, nikaona jambo ambalo cheti hakikunifundisha, ila kuzaliwa kwetu kulinifundisha. Bi Mwanahawa alikuja na chakula kichwani. Huyuhuyu ambaye maneno yake yalimtia mkwewe kitanzini. Akatua bakuli karibu na mlango, limefunikwa kawa safi, akageuka akaupa mlango mgongo, akasema kama anayesema na mti wa mkungu ulio mbele yake, "Chakula hicho." Akaondoka. Ombasha akafungua mlango, lakini Shomari hakutoka. Alingoja. Nyayo za mama zilipopotea kabisa, ndipo alipotoa mkono akavuta bakuli. Alipomaliza kula aliliosha kwa maji yake ya kunywa, akalirudisha palepale na kawa yake juu.

"Kila siku ndivyo," Ombasha aliniambia. "Nilimwambia mama, mpe mkononi, mimi sikatazi. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo."

"Ombasha," nikasema, "siku ya shauri huyu mama alikaa wapi?"

"Mkekani, ndani. Bwana alitaka shahidi akimaliza asitoke, asije akawafundisha wenzake."

"Na Shomari?"

"Mbele yake. Mama angenyosha mkono angemgusa."

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu, sina la kuwaambia. Kwetu mwanamume alikuwa hamtazami mama mkwe wake, hamsemeshi jambo la ndani, na zaidi ya yote hamkatalii neno. Mama akisema jua limechomoza magharibi, mkwe anakwenda kuanika nazi upande huo. Na huyu aliulizwa, mbele ya mama, kama maneno ya mama ni kweli.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shauri. Nilisema naye Kidachi, na mpaka leo naweza kuirudia hotuba ile neno kwa neno, lakini hamtaielewa.

"Nilimwuliza," alisema. "Si mara moja. Hakujibu."

"Ulimwuliza mbele ya mkwewe, Bwana."

"Mkwe ni kitu gani? Mimi ninaye. Tunakula pamoja kila sikukuu."

"Kwenu, Bwana. Hapa mtu huyo hakuwa na kinywa. Ni sawa na kumfunga kitambaa mdomoni kisha ukaandika kwamba hakusema."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. "Mwulize tena," akasema mwishowe. "Akisema neno, nitaliandika. Asiposema, barua ya kuagiza kamba utaiandika wewe, kwa mwandiko wako huo mzuri."

Niliingia gerezani nikidhani kazi imekwisha. Mama hayupo, Bwana hayupo, tuko wawili, atasema. Shomari alinisikiliza, kichwa chini, mpaka nikamaliza.

"Nikikwambia utaandika," alisema. "Likiandikwa litasomwa. Likisomwa litafika Miburani kabla yako."

"Kwa hiyo afadhali unyongwe?"

"Nani kasema afadhali, bwana? Mimi nataka kuishi. Nasema siwezi."

Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimelala. Nikajua hakuua, na nikajua pia hatasema.

Nikaenda Miburani. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni anasuka ukili, mjane mwembamba mwenye macho makavu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa yule msuka makuti wa Kilindoni."

"Ndiye mimi, mama. Nimerudi kutoka Tanga na cheti."

"Hicho cheti kinaweza kufungua mlango wa gereza?"

"Kinaweza kupiga hodi, mama."

Akanisogezea kigoda. Nikamwuliza kama yeye anaamini Shomari ameua.

"Sijui," alisema, akiendelea kusuka. "Niliulizwa nimeona nini, nikasema nilichoona. Uongo mbele ya Msahafu siwezi, hata angekuwa mwanangu wa kumzaa. Niliona damu. Nilidhani mwenyewe atasema iliyobaki. Alipokaa kimya, nikasema moyoni, basi labda ni kweli." Mikono ikasimama. "Kama ameua sijui. Najua anakula. Na mkewe Mwanaisha yuko kwa shangazi yake upande wa Ras Kisimani, naambiwa ana homa, hajui hata hili lililotupata. Nani mwingine ampikie?"

"Mama, hawezi kusema mbele yako. Na nyuma yako hataki kusema, kwa kuwa litakufikia."

Akauweka ukili mapajani. Kisha akasema, "Basi ni jambo langu mimi."

"Nadhani hivyo."

"Na mimi siwezi kumwambia mkwe, sema. Huwa tunamtuma mtu wa katikati." Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Wewe si mtu wa katikati kwa mshahara?"

Wanangu, nilisoma miaka yote ile Tanga, na fikra hiyo haikunijia mimi. Ilimjia yeye.

Bwana Shauri alikubali, zaidi kwa kutaka kuona. Tulitundika mkeka mlangoni mwa chumba cha shauri. Bi Mwanahawa akakaa nyuma yake, barazani. Shomari akakaa ndani akielekea ukuta. Salum naye niliomba aingie, maana mwenye maiti ana haki ya kusikia. Mimi nikasimama kwenye ukingo wa mkeka, sikio moja huku, jingine huku.

"Mwambie," sauti ya mama ikaja, "leo nimekaa pahali pa mama yake aliyemzaa, Mungu amrehemu. Neno lolote atakaloleta nalipokea."

Nikamgeukia Shomari. "Mama anasema leo amekaa pahali pa mama yako aliyekuzaa. Neno lolote utakaloleta analipokea."

"Mbona unalirudia?" Bwana Shauri akauliza. "Ni Kiswahili. Nimesikia."

"Hili si la Bwana," nikamjibu. Sijawahi kumjibu hakimu hivyo kabla wala baada, na hakunifukuza.

Shomari alisema taratibu sana, akiniachia nafasi kila baada ya maneno machache, kama mtu aliyefanya kazi hii tangu zamani.

"Mwambie Mwanaisha hakwenda kwa shangazi."

Nikasema.

"Mwambie alikuwa mja mzito, miezi minne na ushei. Hatukumwambia, kwa sababu mimba ile ya mwisho ilipoharibika yeye mama alifunga saumu za nadhiri mpaka akaanguka, tukadhani tutamzika. Mwanaisha akasema, safari hii mama apate habari akisikia kilio cha mtoto."

Nikasema.

"Mwambie usiku ule ilianza tena. Nikambeba mgongoni mpaka kwa mkunga. Mtoto akatoka hana uhai. Damu ni hiyo. Alfajiri nikarudi kuchukua jembe, nikamzika."

Nimefasiri mauaji, nimefasiri talaka, nimefasiri vita vilipofika kwetu na kila mtu akapiga kelele kwa lugha yake. Kote huko sikuomba maji. Siku ile Ombasha Faraji aliniletea maji nikanywa, ndipo nikaweza kulivusha lile la mwisho, hatua tatu tu, kutoka kwa mtu mmoja mpaka kwa mwingine aliyekwisha kulisikia.

Bi Mwanahawa akasema: "Mwulize mwanangu yu hai?"

"Mwambie yu hai. Mkunga anamtunza. Amenitumia neno, homa inapungua."

"Mwambie nimepokea."

Bwana Shauri alikuwa ameweka kalamu chini. Akaagiza mkunga aletwe, na mkunga akaja akasema yaleyale: Shomari alikuwa mlangoni kwake tangu watu kulala mpaka alfajiri. Alipoulizwa kwa nini alikaa kimya mtu akihukumiwa, alimtazama Bwana kama mtoto asiyejua kitu. "Siri ya uzazi ni ya mzazi," akasema. "Nilikuwa nangoja apate nguvu nimwombe ruhusa. Ningemwambia akiwa na homa kwamba mumewe ananyongwa, ningewazika wawili."

Barua ya kwenda kwa Gavana niliiandika mimi. Nimeandika barua nyingi katika maisha yangu, na nyingine zimesifiwa, lakini hiyo ndiyo bora. Ilikwenda kwa mashua ya Serikali, na sisi tukabaki hatujui kama imeitangulia saini au saini imeitangulia. Siku moshi wa meli ulipoonekana Ras Kisimani, Athumani hakuwasha moto wa kahawa. Watu walisimama nje ya boma bila kubishana. Bwana Shauri alisoma ndani, akatoka, akanipa karatasi niwasomee yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Gavana hakuitia mkono hukumu. Mtu aachiwe.

Msidhani ubishi uliisha. Wapo waliosema mpaka wanakufa kwamba mkunga alidanganya, na wapo waliosema Nasoro aliangukiwa na nazi, hakuna aliyemwua. Salum alinijia baada ya wiki kadhaa. "Nilisikia kila neno," akasema, "nami namsadiki. Basi nani?" Jibu la hilo halikupatikana. Tangu hapo alinisalimu kila siku njiani lakini hakukaa kwangu. Sikumlaumu. Mnaokwenda kufanya kazi hii, mtawafungulia wengine mlango na mwingine atabaki nje akiutazama, naye hana kosa.

Shomari alipotoka gerezani, mama mkwe wake alikuwa anangoja ng'ambo ya njia, uso ameupa upande mwingine. Mwanaisha alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, bado dhaifu. Mama akaniita.

"Mwambie anionyeshe alipomlaza mjukuu wangu."

Nikamwambia. Tukaenda, Shomari mbele, mimi katikati, mama nyuma, mpaka Miburani. Palikuwa nyuma ya shamba, chini ya mdimu, na jiwe dogo la bahari limewekwa kichwani. Shomari akasimama hatua kadhaa kando ili mama apate nafasi. Mama akachutama, akaondoa majani yaliyodondoka juu ya mchanga, moja moja. Akasoma Fatiha. Alipomaliza hakuinuka.

"Alikuwa wa kiume?" akauliza.

Nikavuta pumzi nimgeukie Shomari.

"Wa kike, mama," Shomari alisema.